Almasi ya kaskazini mwa Malawi: angalia karatasi kwanza

Mfanyabiashara anayepita Lilongwe au Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, akiuziwa almasi ghafi "ya kaskazini", ajue kwamba Malawi haina mgodi wa almasi.

Karibu na Livingstonia ipo miamba ya kimbaliti, aina ile inayobeba almasi kule Mwadui, Shinyanga, alikoigundua John Williamson mwaka 1940. Lakini kimbaliti nyingi duniani hazina almasi ya kuchimbika. Utajiri uliothibitika huko kaskazini ni urani ya Kayelekera, Karonga.

Kikwazo kikubwa ni karatasi. Tangu 2003, almasi ghafi huuzwa baina ya nchi wanachama wa Mpango wa Kimberley tu, ikiwa na cheti cha serikali na kasha lililopigwa lakiri. Tanzania na Kongo (DRC) ni wanachama; Malawi si mwanachama. Kwa hiyo jiwe lililotoka Kisangani kwa njia za panya haliwezi kupata cheti Lilongwe, hata kama ni almasi halisi. Dereva akikamatwa nalo mpakani Songwe, kesi ni yake, aliyempa hatakuwepo.

Kwa madini mengine, kumbuka kuwa Oktoba 2025 Rais Peter Mutharika alipiga marufuku kusafirisha nje madini ghafi. Kabla ya kupakia, ulizia kibali kwenye mamlaka ya madini Lilongwe, na kiwe cha maandishi.