Mandhari
Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wa Dodoma kuchora kwa pasteli za mafuta angeanza na neno hili. Mandhari limetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama, uleule uliotupa nadharia. Kwa hiyo mandhari si ardhi tu, ni ardhi iliyotazamwa. Inaniuma kuona mtoto wa Dodoma akichora vilima vya kijani na mnazi, mambo ya kwenye vitabu, ilhali nje ya dirisha kuna majabali makubwa, mibuyu isiyo na majani na udongo mwekundu.

Pasteli hizi, zilizoanza kutengenezwa Japani miaka ya 1920, zinaifaa sana nchi kame: rangi ni nzito, hupakwa moja juu ya nyingine na kusuguliwa kwa kidole. Mwanafunzi aanze na vilima vya mbali, ambavyo vumbi la kiangazi huvififisha. Rangi kali aziweke kwenye jabali la karibu. Nyasi azikwangue kwa ncha ya kijiti, rangi ya chini ichungulie. Na mwezi wa nane nyasi hizo zimepauka. Pasteli ya kijani isubiri mvua za Desemba.