Namba Iliyosingiziwa Utasa

Ndugu msomaji, hebu itazame hii: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21, lakini usiogope, haina meno. Andika 2 mara sitini na saba, zizidishe zote, kisha toa 1. Utaipata.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliitia katika orodha yake ya namba tasa, yaani zile zinazozidi 1 na ambazo hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Saba ni tasa. Sita siyo, maana ni 2 mara 3. Basi mzee kasema, nani abishe? Na kuigawa kwa mkono, mchezo huo?

Ikakaa na jina hilo miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa. Ila mbinu yake ilitoa hukumu tu, wazazi hawakutajwa. Hapo ndipo napapenda mimi: unajua kabisa kwamba wapo, lakini huwajui.

Tarehe 31 Oktoba 1903, jijini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake wa Marekani. E. T. Bell alikuja kusimulia kwamba jamaa hakutamka neno. Alikokotoa ubaoni ile namba ya Mersenne, akahamia pembeni, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakawa yale yale. Akarudi kuketi, watu wakapiga makofi. Kwa masimulizi ya Bell, kazi hiyo ilimla Cole Jumapili za miaka mitatu.

Siku hizi kompyuta inaimaliza kufumba na kufumbua. Sawa. Lakini wewe chukua peni uzidishe mwenyewe. Huhitaji kumwamini Cole, wala mimi. Na orodha ya mzee ilikuwa na makosa mengine: iliiita tasa ile ya 257, ambayo siyo, na ikaziacha za 61, 89 na 107, ambazo ni tasa kweli.

Vijana wenzangu tunaoandika, nasi tunapachikwa majina: eti kizazi hiki hakizai kitu. Mimi sioni haja ya kubishana na anayesema hivyo. Jumapili zipo. Tukeshe na kalamu, halafu tuandike jibu ubaoni, kila mtu alikague.