Ukakasi wa Divai Nyekundu: Historia ya Kuonja, Kutoa Alama na Kutaja

Miongoni mwa istilahi zinazohitajiwa na watafsiri wa vitabu vya kilimo, vya upishi na vya hoteli zimo zile zihusuzo kuonja divai. Kwa kutazama juujuu jambo hili laweza kuonekana dogo, tena la anasa. Lakini ikumbukwe kwamba Dodoma hulimwa zabibu ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, na divai hutengenezwa papo hapo. Mkulima, mtengenezaji na mnunuzi wote wahitaji lugha moja ya kuamua kipi ni chema na kwa nini. Mahali lugha hiyo isipokuwapo, uamuzi hufanywa kwa ulimi wa mtu mwingine.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi binadamu walivyojaribu kupima ubora wa divai, kwanza kwa bei, kisha kwa alama, na hatimaye kwa maneno. Mfano wetu ni divai nyekundu nzito, kama ile ya zabibu ziitwazo Cabernet Sauvignon, ambayo mtu huifungua nyumbani kwake na kutakiwa aseme ni nzuri kiasi gani. Baada ya hapo tutatazama Kiswahili kina akiba gani kwa kazi hiyo.

Majina mawili ya kinywaji kimoja

Kiswahili kilipokea jina la kinywaji hiki mara mbili. Neno mvinyo limetokana na neno la Kireno, vinho, nalo ni ndugu wa maneno kama meza, bendera na leso, yaliyobaki pwani baada ya Wareno kufika mwaka 1498 na kutawala kwa vipindi mbalimbali. Neno divai latokana na Kifaransa, du vin, na yaelekea liliingia kwa njia ya mapadri Wafaransa waliofika Unguja mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868, ambao hawangeweza kuadhimisha misa bila ya kinywaji hicho. Tunda lenyewe lina jina la Kiarabu. Kwa Waarabu zabibu ni tunda lililokaushwa. Kwetu sisi ni tunda zima, bichi kwa kavu.

Maneno hayo mawili yameishi pamoja bila ya kugawana kazi sawasawa. Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version huyatumia yote mawili. Lakini mvinyo limepanuka mno, hata katika vinywa vya wengi likawa jina la kileo chochote kikali, pamoja na kile kilichokenekwa. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunatumia divai kwa kinywaji cha zabibu peke yake.

Bei kama kipimo

Daraja mashuhuri kupita zote katika historia ya divai nyekundu zilipangwa mwaka 1855. Maonyesho makubwa ya kimataifa yalikuwa yakifanywa Paris katika utawala wa Napoleon III, na wafanyabiashara wa Bordeaux wakatakiwa kutoa orodha ya divai zao bora. Kazi hiyo walipewa madalali. Madalali hawakukusanyika kuonja upya. Walitazama bei ambazo kila shamba lilikuwa limepata kwa miaka mingi, wakazipanga divai nyekundu katika daraja tano. Mashamba manne yaliwekwa katika daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Tangu wakati huo badiliko kubwa lililofanywa ni moja tu, Mouton kupandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza mwaka 1973.

Hatusemi kwamba bei haina maana. Bei ni hukumu ya wanunuzi wengi kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba haitaji sababu. Mtu akiambiwa kwamba divai fulani ni ya daraja la kwanza, hajaambiwa lolote juu ya atakachokikuta kinywani.

Alama ishirini na alama mia

Mwaka 1959, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, ambao mashuhuri wao ni Maynard Amerine, walitoa kipimo cha alama 20. Mwonjaji alitakiwa kugawa alama kwa mwonekano na rangi, harufu, dalili za siki, asidi, utamu, uzito, ladha, ukakasi, na ubora kwa jumla. Harufu ilipewa alama 4, fungu kubwa kuliko mengine yote. Divai iliyopata alama 17 au zaidi ilihesabiwa kuwa bora sana; iliyopata chini ya 9 haikufaa kuuzwa. Kipimo hiki kilikusudiwa hasa kugundua kasoro za utengenezaji. Kilikuwa chombo cha karakana, wala hakikuwa taji la mshindi.

Nguvu ya alama ilidhihirika Paris tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa divai, Steven Spurrier, aliwaalika waamuzi 9 wa Kifaransa waonje divai nyekundu 10 bila ya kuona vibandiko. Divai 6 zilikuwa za California na 4 za Bordeaux, na kila moja ilipewa alama kati ya 20. Iliyoshinda ilikuwa ya Stag's Leap Wine Cellars ya California, ya mwaka 1973. Mouton ya mwaka 1970, iliyopandishwa daraja miaka mitatu tu kabla ya shindano hilo, ikawa ya pili. Kwa kufunika chupa tu, heshima ya karne nzima iliwekwa kando.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, mwanasheria wa Kimarekani, Robert Parker, alianzisha jarida lake na kueneza kipimo cha alama 100, mfano wa alama za shuleni kwao. Kwa hakika kipimo hicho kina alama 50 tu, kwa kuwa kila divai hupewa 50 za kuanzia. Zinazosalia ni 5 za rangi na mwonekano, 15 za harufu, 20 za ladha na kile kinachobaki kinywani, na 10 za ubora kwa jumla. Parker alijulikana kwa kupenda divai nyekundu nzito, zilizotokana na zabibu zilizoiva sana na kukaa katika mapipa mapya ya mwaloni. Divai iliyopata 95 ilipanda bei. Iliyopata 85 ilikaa dukani. Basi watengenezaji wengi, katika nchi mbalimbali, wakaanza kuzifanya divai zao zifanane na kile alichokipenda mtu mmoja.

Wahenga wetu waliliona jambo hili zamani, wakasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tofauti ni kwamba hawa waliposifiwa hawakutia maji, bali walizidisha uzito. Lakini hatari ni ile ile: sifa isiyotaja sababu humharibu anayesifiwa.

Isitoshe, alama zenyewe si imara kama zionekanavyo. Mwaka 2008, Robert Hodgson alichapisha uchunguzi juu ya waamuzi wa mashindano ya divai huko California, ambao walipewa divai ile ile, ya chupa ile ile, mara tatu bila ya kujua. Ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyerudia hukumu yake kwa kiwango kinachoridhisha.

Maneno yanapewa vielelezo

Pamoja na alama, lugha ya kuonja nayo ilikuwa imejaa mapambo. Divai zilisifiwa kwa utukufu, adabu na ujasiri, maneno ambayo hakuna wawili wawezao kuyaelewa namna moja. Mwaka 1984, Ann Noble na wenzake wa Davis walichapisha mpango wa maneno ya harufu, ambao baadaye ulienea kwa umbo la gurudumu. Katikati mna maneno ya jumla, kama matunda, viungo au mbao; kila unapokwenda ukingoni neno huzidi kuwa mahsusi, mpaka kufikia pilipili manga, karafuu au kahawa. Kwa mwanaistilahi, jambo kubwa hapo ni sharti lake: kila neno liwe na kielelezo, yaani kitu halisi kinachoweza kutiwa katika bilauri ya divai ya kawaida na kunuswa na kila mtu.

Sharti hilo si la bure. Mwaka 2001, watafiti Morrot, Brochet na Dubourdieu walitoa taarifa juu ya wanafunzi 54 wa mambo ya divai huko Bordeaux. Wanafunzi hao walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaieleza kwa maneno yatumikayo kwa divai nyekundu. Macho yalikuwa yamekwisha kuchagua maneno kabla ya pua kufanya kazi. Neno lisilofungwa kwenye kitu halisi huvutwa na chochote kilicho karibu, iwe rangi, jina la shamba au bei.

Akiba ya Kiswahili

Sasa na tugeukie kwetu. Mtafsiri aliye na kitabu cha Kiingereza mbele yake hukutana na mitego. Waingereza husema divai ina mwili. Wanamaanisha inavyohisika kinywani, kama uji mwepesi unavyotofautiana na mzito. Sisi tuna neno uzito, wala hatuhitaji mwili. Husema pia divai ni kavu, wakimaanisha kwamba sukari yote imegeuka kuwa alkoholi. Kinywaji kikavu ni kichekesho kwa Kiswahili. Tungependelea kusema divai isiyo na utamu. Na divai wanayoiita jasiri, ambayo ndiyo mada yetu, si jasiri bali ni nzito.

Mtego mwingine umo katika maagizo ya kwamba divai nyekundu inywewe katika joto la chumbani. Maneno hayo yalizaliwa katika nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari chaweza kuzidi nyuzi 30, na katika joto hilo alkoholi hupanda puani na kuzifunika harufu nyingine zote. Tafsiri iliyo sahihi kwa neno hapa ni kosa kwa maana. Afadhali kuandika nyuzi zenyewe.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina maneno ambayo ni sahihi kuliko yale ya kigeni. La kwanza ni ukakasi. Ngozi na kokwa za zabibu nyekundu zina tanini, nazo huungana na protini zilizomo katika mate. Mate yakipoteza utelezi, ulimi na ufizi huhisi kukwaruzwa. Kwa hiyo ukakasi si ladha bali ni mguso, na ndio alama kuu ya divai nyekundu nzito. Kila mtoto wa pwani aliyekula bibo, na kila aliyewahi kuuma ndizi mbichi, anaujua bila ya kufundishwa. Hata mtu asiyegusa kileo maishani mwake aweza kuupima: aonje chai ya rangi iliyokaa sana katika majani, kisha aitie maziwa. Ukakasi utapungua, kwa kuwa protini za maziwa zimezishika tanini kabla ya mate.

La pili ni ugwadu, yaani ukali wa tunda bichi kama embe changa, ambao hutia meno ganzi. Hilo lafaa kwa asidi iliyotoka katika zabibu yenyewe. La tatu ni uchachu, ambao sisi huunasibisha na kitu kilichochacha, kama mchuzi uliolala au tembo linaloelekea kuwa siki. Hilo lafaa kwa kasoro. Ugwadu wa kiasi huipa divai uhai, uchachu huiharibu. La nne ni uchungu, ladha ya mwarobaini au kahawa isiyo na sukari, ambao wengi huuchanganya na ukakasi, ingawa mmoja huhisiwa kwa ladha na mwingine kwa mguso.

Kwa maneno hayo, mtu aliyeketi nyumbani aweza kufanya hukumu yenye sababu. Aipoze chupa kidogo, aifunike kwa karatasi, na atie divai kiasi cha theluthi ya bilauri. Aitazame mbele ya kitambaa cheupe. Ainuse kabla ya kuitikisa na baada ya kuitikisa. Kisha aichukue kinywani na kuitembeza mpaka kwenye ufizi. Ajiulize kwa utaratibu: harufu yafanana na kitu gani ninachokijua? Ugwadu ni kiasi gani? Kuna uchachu? Uzito ni wa uji upi? Ukakasi ni wa chai au ni wa bibo? Na baada ya kumeza, ladha inabaki kwa muda gani? Wafaransa huhesabu muda huo kwa sekunde. Mwisho, akipenda, atoe alama. Alama itakuwa muhtasari wa maneno yake, wala haitashika mahali pake.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba bei ilitoa cheo, alama ikatoa nafasi katika mashindano, lakini ni maneno yenye vielelezo yanayomwezesha mtu kumweleza mwenzake alichokionja, na kumwezesha mtengenezaji kurekebisha kazi yake. Mtu wa Dodoma akiambiwa kwamba divai yake imepata alama 82, hana la kufanya. Akiambiwa kwamba ukakasi wake ni wa bibo na ugwadu ni haba, anajua pa kuanzia, shambani au kwenye pipa.

Manufaa hayo hayakomei kwenye divai. Waonjaji wa kahawa huko Moshi na wa chai huko Mombasa hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, na maneno hayo hayo yaweza kuwafaa. Tunapendekeza, basi, kwamba istilahi za kuonja zisitolewe kama orodha ya tafsiri peke yake, bali kila moja iandikwe pamoja na kielelezo chake, kitu kipatikanacho sokoni au jikoni. Kwa kuwa vielelezo hutofautiana kwa mahali, tunawaomba wasomaji watuletee vya kwao: Wahehe wanaojua ulanzi, wagema wa mwambao, wauza kahawa wa mitaani, na wakulima wa zabibu wenyewe.