Rangi Juu ya Ubao: Nani Alichonga Chambo cha Kwanza?

Wenyeji wa Dowagiac, mji mdogo katika jimbo la Michigan, Marekani, wana hadithi ambayo waandishi wa mambo ya uvuvi hawachoki kuirudia. Mwaka 1898 mzee James Heddon aliketi kando ya bwawa la kinu akimsubiri rafiki yake, huku akichonga kipande cha ubao ili kupoteza muda. Rafiki alipotokea, Heddon akakitupa kile kipande majini. Samaki akaibuka na kukipiga kwa kishindo. Hapo, tunaambiwa, ndipo kilipozaliwa chambo bandia cha ubao: kigogo kidogo kilichochongwa, kikapakwa rangi na kufungwa ndoano.

Mimi siiamini. Samaki anaweza kurukia kijiti, hilo sina ubishi nalo. Shaka yangu inatokana na Heddon mwenyewe. Huyu alikuwa mfugaji nyuki mashuhuri, aliyepata hataza ya mzinga wake mwaka 1885, na aliwahi kumiliki gazeti la mjini kwake. Alijua namna ya kukilinda kitu alichokibuni, na alijua namna ya kukitangaza. Isitoshe, wapo hadi leo vyura wachache wa ubao wanaohesabiwa kuwa kazi ya mikono yake ya miaka hiyohiyo, na chura mwenye ndoano hachongwi kwa kupoteza muda. Mzee alikuwa kazini. Mwaka 1902 alipata hataza ya chambo chake chenye pua iliyokatwa mshazari, kikauzwa kikiwa na mwili mweupe na kichwa cha buluu, na biashara ya familia ikashika kasi. Hadithi ya bwawani ilikuwa tangazo zuri kuliko maelezo yoyote ya ufundi.

Dai la kuwa wa kwanza nalo linapungua nguvu mara tu unapofungua daftari za hataza za Marekani, chanzo ambacho wapenzi wa hadithi hii hawakigusi. Julio T. Buel alikuwa na hataza ya chambo cha chuma chenye umbo la kijiko tangu 1852. Henry C. Brush akapata yake ya chambo kinachoelea mwaka 1876. Mwaka 1883 Ernest Pflueger wa Akron, Ohio, akaleta rangi inayong'aa gizani. Huyo Buel naye ana hadithi yake: eti kijiko kilimponyoka mashuani, samaki akakidaka kikiwa kinazama. Watu wawili, bahati ileile! Ajali za namna hii huwapata zaidi watu wenye bidhaa ya kuuza.

Tukirudi nyuma zaidi, mwandishi wa kale Aelian aliandika mnamo mwaka 200 hivi kuhusu Wamakedonia waliovua kwa ndoano iliyozungushiwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Na wavuvi wa visiwa vya Pasifiki walikuwa wakirambaza jodari kwa vipande vya ganda la chaza wa lulu, bila chambo chochote cha kuliwa, wakichagua ganda la kung'aa au la kufifia kulingana na mwanga wa siku. Basi sayansi ya rangi za chambo ilikuwako kabla ya Dowagiac kuwa na jina.

Hata hivyo sitaki kuwanyima Wamarekani haki yao. Walichokifanya kweli ni kupaka rangi. Kigogo kilipigwa msasa, kikapakwa rangi nyeupe ya chini ili zile za juu zisififie, kisha ikafuata tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke, na vanishi mwishoni. Kazi iliyonivutia zaidi ni ya magamba. Fundi alitandaza kitambaa chenye matundu kama chandarua juu ya ubao, akapuliza rangi juu yake, kisha akakibandua. Palipokuwa na uzi pakabaki rangi ya chini, palipokuwa na tundu pakaota gamba. Kampuni ya Creek Chub ya Garrett, Indiana, iliyoanzishwa 1916, ilijijengea jina kwa magamba hayo, na Heddon nao wakayatumia. Mwaka 1932, katikati ya mdororo wa uchumi, mkulima kijana wa Georgia, George Perry, alimtoa majini samaki aina ya bass mwenye uzito wa kilo 10.09 kwa chambo cha Creek Chub. Rekodi hiyo haikufikiwa hadi 2009, nchini Japani. Wasomaji wa Kenya wanamjua samaki wa aina hiyo: alipandikizwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920.

Lakini moyo wangu uko Finland. Huko, kwenye Ziwa Päijänne, Lauri Rapala, aliyezaliwa 1905, alivua ili familia ipate chakula. Akawatazama samaki wakubwa wakilipita kundi zima la wadogo na kumfuata yule mmoja anayeyumba. Mwaka 1936 akachonga gome jepesi lile la vizibo vya chupa kwa kisu cha mshona viatu, akalilainisha kwa msasa. Hakuwa na rangi ya fedha, akatumia karatasi za kung'aa zinazofungiwa chokoleti. Hakuwa na vanishi, akayeyusha filamu kuukuu za picha na kupaka uji wake. Mbele akaweka ulimi mdogo unaokamata maji na kukifanya chambo kiyumbe. Mgongo mweusi, ubavu wa fedha, tumbo jeupe: ndivyo alivyo hata dagaa wetu, kwa sababu anayetazama kutoka juu huona giza la kilindi, na anayetazama kutoka chini huona mwanga wa anga.

Inadaiwa kuna siku alivua karibu kilo 270. Idadi hiyo nayo imepita katika midomo ya wauzaji, lakini hii naivumilia, kwa kuwa hadithi ya Rapala inamwonyesha mtu akitazama, akijaribu na kurekebisha. Alivuta kila chambo majini kabla ya kukiuza. Agosti 1962 jarida la Life likaandika habari zake katika toleo lililokuwa na mwigizaji Marilyn Monroe jaladani, siku chache baada ya mwigizaji huyo kufariki, na maagizo yakamiminika. Baada ya hapo ni habari za viwanda na plastiki, ambazo waandishi wengine watazieleza vizuri kuliko mimi.

Nina ombi kwa msomaji. Ukikuta kwenye kasha la babu chambo cha kuchonga kilichochubuka, iwe ni kutoka Michigan au Malindi, usikipake rangi upya. Andika aliyekichonga ni nani, wapi na lini kama unajua, kisha kipeleke makumbusho kikiwa vilevile. Matabaka yale ya rangi ndiyo hati yake, na ukishayapiga msasa hayarudi.