Istilahi na Kitu: Ufundishaji wa Msamiati wa Kiingereza wa Uhakiki Nairobi tangu 1968

Utangulizi

Mjadala uliozuka Nairobi mwaka 1968 kuhusu Idara ya Kiingereza aghalabu husimuliwa kama mvutano juu ya vitabu: ni waandishi gani wasomwe, na ni wepi waachwe. Usimulizi huo ni sahihi, ila haujatimia. Nyuma ya suala la vitabu palikuwa na suala la maneno, yaani istilahi za Kiingereza ambazo kwazo mwanafunzi hufunzwa kuisoma, kuiainisha na kuihukumu kazi ya sanaa. Makala hii inadai kwamba mchango mkubwa wa Nairobi katika ufundishaji wa istilahi hizo ulikuwa kuugeuza mpangilio: kitu kikatangulia, jina likafuata. Inadai vilevile kwamba mageuzi hayo yaliishia njiani.

Waraka wa 1968 na taathira yake

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyejulikana wakati huo kama James Ngugi, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitoa waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na pahali pake pawekwe idara itakayoiweka Afrika katika kitovu cha masomo. Chuo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilijitegemea mwaka 1970. Waraka uliipa fasihi simulizi nafasi ya msingi, na hapo ndipo msamiati ulipoguswa.

Katika mfumo wa awali, mwanafunzi alikutana na neno "tragedy" akiwa na Shakespeare mkononi. Fasili ya neno ilikuwa imekwisha kukatwa kwa kipimo cha tamthilia ileile, hivyo kazi yake ilikuwa kukariri na kuthibitisha. Fasihi simulizi ilidai utaratibu mwingine. Mwanafunzi alipaswa kumwendea fanani, kurekodi ngano au wimbo, kuuandika na kuutafsiri. Ndipo atafute neno la Kiingereza la kuuita. Neno likawa jibu la swali alilokuwa nalo tayari.

Mwaka 1974 ulitoa mifano miwili zaidi. Wa kwanza ni jumuiya ya maigizo ya chuo iliyosafiri na kuonyesha michezo bila malipo, ambayo mwandishi wa tamthilia kutoka Uganda, John Ruganda, alishiriki kuianzisha. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya hadhira ya mji mdogo, akausikia umma ukicheka kwa jambo ambalo mhusika mwenyewe halijui, hahitaji kufasiliwa kinaya kwa muda mrefu. Mfano wa pili ni mkutano wa Septemba 1974 uliofanyika katika Nairobi School, upande wa magharibi wa jiji, kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika shuleni. Mkutano huo uliisogeza mbele hoja ya chuo hadi kwenye shule za sekondari, na kufikia 1982 palikuwa na kitabu cha kiada cha fasihi simulizi cha S. Kichamu Akivaga na A. Bole Odaga.

Mipaka ya mageuzi

Hata hivyo, kitu kilipokwisha kupatikana, mara nyingi kilirudishwa katika visanduku vilevile vya Kiingereza. Gĩcandĩ ya Wagĩkũyũ ni mfano mzuri. Ni ushairi wa kujibizana, wenye mafumbo, unaoghanwa kwa kibuyu chenye michoro. Ukiuita kitendawili, unaupoteza ushairi; ukiuita wimbo, unalipoteza fumbo. Utenzi nao umeteseka vivyo hivyo kwa kufasiriwa kama "epic". Utenzi hutambuliwa kwanza kwa umbo: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane kwa kawaida. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa binti yake; hauna vita wala safari ya shujaa. Mwalimu anayeyafundisha maneno haya mawili kama visawe hafundishi istilahi yoyote kati yake.

Tatizo hili si la wahakiki pekee. Huko Kabete, magharibi mwa jiji, ambako elimu ya udaktari wa mifugo ilihamishiwa kutoka Makerere mwaka 1962, mwanafunzi hujifunza neno "theileriosis", lililotokana na jina la mtaalamu Arnold Theiler. Mfugaji anayesema Kiswahili ana ndigana kali, na pia ndigana baridi, ambao sayansi inauhesabu kuwa ugonjwa mwingine kabisa. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mfugaji ameyapa maradhi mawili jina moja na kuyatenga kwa kivumishi, atalazimika kueleza dalili na visababishi kwa maneno yake. Huo ni ufundishaji wa istilahi ulio hai kuliko orodha ya kukariri.

Mwaka 1990 wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 waliingia vyuo vikuu bila ile miaka miwili ya kidato cha tano na sita. Madarasa yalifurika. Kozi za lazima za stadi za mawasiliano zilikuwa na nia njema, lakini ukumbi wa mamia ya wanafunzi huvutia orodha na fasili, si kinasa sauti wala jukwaa. Jina likaanza tena kukitangulia kitu.

Hitimisho

Kiswahili kina dau katika jambo hili. *Ufundishaji wa Fasihi* ya Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999) na *Kamusi ya Fasihi* ya K. W. Wamitila (2003) zimempa mwanafunzi msamiati wa uhakiki katika lugha yake. Lakini iwapo kinaya na utenzi vitafundishwa kama tafsiri za maneno ya Kiingereza, tutakuwa tumebadilisha lugha ya kukariri tu. Hapana budi mwanafunzi apewe kwanza matini, kisha istilahi za lugha zote mbili, na aulizwe ni ipi inayoitosha matini hiyo na ni wapi inapopwaya. Mtihani unaoishia kwenye neno "fasili" haujapima nusu ya pili ya waraka wa 1968, ile ambayo bado haijafundishwa.