Gesi ya Dakika Sita

Nilianza kufuatilia mambo ya wapiga mbizi mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni likazama na mama na mtoto wake. Ilichukua siku 13 kulitoa. Watu walikasirika, nami pia: kwani mita 58 ni nini, si ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uwanja wa mpira? Usiku mmoja nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na hasira ikapoa.

Mtu anayefanya kazi huku juu huvuta hewa kama lita 20 kwa dakika. Majini, kadiri unavyoshuka ndivyo presha inavyopanda. Kwenye kina cha mita 90 ni mara 10 ya huku juu, na kila pumzi hula gesi mara 10. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400. Huku juu hizo ni saa mbili. Kule chini ni dakika 12, na ukishikwa na hofu, pumzi zikaongezeka maradufu, ni dakika 6.

Dakika kama hizo ndizo alizobaki nazo Chris Lemons tarehe 18 Septemba 2012. Alikuwa akifanya kazi na Dave Yuasa karibu mita 90 chini ya Bahari ya Kaskazini, kwenye kisima cha mafuta cha Huntington. Juu yao ilikuwa meli Bibby Topaz. Katikati, ikining'inia kwa nyaya, ilikuwa kengele ya kuzamia, na ndani yake Duncan Allcock akiwangoja. Kutoka kengele hiyo kila mmoja alifungwa na mrija mnene kama kitovu. Mrija huo ulileta vitu vinne: gesi ya kupumua, maji moto ya kupasha suti, taa na mawasiliano.

Maji moto si anasa. Kwa kina kile watu hupumua heliamu iliyochanganywa na oksijeni, na heliamu hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa ya kawaida. Bahari yenyewe ni baridi kama friji.

Mtungi wa mgongoni ulikuwa akiba ya kitu kimoja tu kati ya vinne. Wala usifikiri angepanda juu akavute hewa. Wapiga mbizi wa aina hii huishi kwa siku nyingi kwenye chumba chenye presha sawa na ya kule chini, na kuishusha huchukua siku kadhaa. Kupanda ghafla ni kifo. Nyumbani kwake palikuwa ile kengele.

Basi kompyuta zinazoishikilia meli mahali pamoja zikakwama. Upepo ukaisukuma meli, meli ikaivuta kengele, na mrija wa Lemons ukanasa kwenye chuma cha kisima ukakatika. Giza. Alijipapasa akapanda tena juu ya kile chuma, akalala pale akivuta gesi ya mwisho.

Hapa ndipo mimi hurudi kila mara. Mtungi ule haukuwa mdogo kwa bahati mbaya. Uliwekwa wa kumtosha mtu kurudi kwenye kengele. Yaani hesabu ilikuwa sawa, mradi kengele isihame. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Akiba ya mama ilitosha muhula mmoja, kwa hesabu kwamba mkopo ungefika. Haukufika.)

Roboti yenye kamera ilimwona mkono ukitikisika, kisha akatulia. Meli iliporudishwa, Yuasa alimfuata akambeba hadi kwenye kengele. Alikuwa amekaa zaidi ya nusu saa bila gesi. Allcock alimpulizia pumzi mbili, akazinduka, akili timamu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba baridi ilipunguza mahitaji ya ubongo, na ile gesi ya presha kubwa ilikuwa imeujaza mwili oksijeni. Baridi haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Siku hizi wengine hubeba mashine zinazosafisha pumzi na kuirudisha, ambazo hudumu zaidi ya mtungi wa kawaida. Lemons mwenyewe alirudi baada ya kama wiki tatu, na wenzake walewale, kumalizia kazi waliyoiacha.