pangia (kt): matumizi katika upelekaji wa mifumo ya vijenzi

Kitenzi panga hubeba maana kadhaa: kuweka vitu kwa taratibu, kuamua jambo kabla halijatendwa, na kukodi nyumba. Kauli yake ya kutendea, pangia, ina matumizi ambayo wasomaji wa magazeti ya Tanzania wanayafahamu vyema: walimu wapya hupangiwa vituo vya kazi. Anayeamua hutazama sifa za mwalimu na mahitaji ya shule. Mwalimu mwenyewe bado hajasafiri. Maana hiyo ndiyo inayohitajika katika uhandisi wa programu, na haielezwi vizuri na vitenzi viwili vinavyotumiwa mno na wafasiri, sakinisha na sambaza.

Mfumo wa vijenzi ni programu iliyoundwa kwa sehemu zinazojitegemea, ambazo huunganishwa na kuendeshwa katika kompyuta moja au nyingi. Kila kompyuta inayopokea kijenzi huitwa nodi. Shirika la Object Management Group (OMG) lilichapisha mwaka 2006 toleo la 4.0 la vipimo vya upelekaji na usanidi wa mifumo ya namna hiyo, na humo kazi imegawanywa katika hatua tano. Mfasiri hukwama tangu hatua ya kwanza. Kwa Kiingereza inaitwa installation, na kamusi nyingi zitamwelekeza kwenye usakinishaji. Lakini hatua hiyo ni kukiingiza kifurushi cha programu katika ghala lililo chini ya mamlaka ya mpelekaji, basi. Hakuna nodi iliyoguswa. Sakinisha, kitenzi kilichotokana na sakini, yaani kukaa mahali, humfanya msomaji aamini kwamba programu imekwisha kupata makazi katika kompyuta itakayoiendesha. Fundi anayefuata mwongozo uliofasiriwa hivyo ataitafuta mahali isipokuwepo. Uingizaji ghalani ni istilahi salama zaidi.

Hatua ya pili ni usanidi, ambapo kifurushi huwekewa thamani za awali kikiwa bado ghalani. Ya tatu ni upangiaji. Hapa mahitaji ya kila kijenzi, kama vile kumbukumbu, kichakataji au mfumo endeshi fulani, hulinganishwa na rasilimali za nodi na za njia zinazoziunganisha. Matokeo yake ni hati, yaani mpango wa upelekaji, unaoonyesha kijenzi kipi kitaendeshwa wapi na kitaungana na kipi. Ndipo huja uandalizi, ambapo mafaili huhamishiwa kwenye nodi, na mwisho uanzishaji. Uzinduzi haufai kwa hatua hii ya mwisho. Huleta picha ya mgeni rasmi na utepe.

Kuhusu sambaza, kitenzi hiki hudokeza kitu kimoja kugawiwa wengi. Nchini Kenya ndilo jina la huduma ya Safaricom ya kumgawia mwingine muda wa maongezi. Kijenzi kilichopangiwa nodi moja tu hakijasambazwa. Isitoshe, neno hilo linahitajika kwingine, katika mifumo iliyosambazwa, na mfasiri akilitumia kwa dhana zote mbili atajikuta akiandika usambazaji wa mfumo uliosambazwa. Kwa mchakato mzima wa hatua tano, upelekaji unatosha: una mpelekaji, kinachopelekwa na kinakokwenda.

Kisarufi, kijenzi ndicho kinachostahili kuwa kiima: Kijenzi cha malipo kimepangiwa nodi ya pili. Sentensi Nodi ya pili imepangiwa kijenzi cha malipo ni sahihi, ila huifanya nodi ionekane kuwa yenye haja, ilhali katika mpango mahitaji ni ya kijenzi na nodi ndiyo yenye rasilimali. Nomino mpangaji itumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa humaanisha pia anayeishi katika nyumba ya kukodi, na kijenzi ndani ya nodi kinafanana naye kupita kiasi. Mtayarishaji wa mpango haileti utata.

Zana za kuundia modeli zimeongeza tatizo jingine. Katika matoleo ya 1 ya UML, lugha ya michoro iliyoidhinishwa na OMG mwaka 1997, mchoro wa upelekaji uliweza kuonyesha kijenzi moja kwa moja ndani ya nodi, ambayo huchorwa kama mchemraba. Tangu UML 2.0 ya mwaka 2005, kinachowekwa kwenye nodi ni artefakti, yaani faili halisi linalodhihirisha kijenzi. Kwa hiyo anayefasiri maelezo ya mchoro aangalie kwanza toleo lake. Katika mchoro wa toleo la 2 ataandika: Artefakti malipo.jar, inayodhihirisha kijenzi cha malipo, imepangiwa nodi ya pili.